Jina la Ugonjwa na Hesabu ya Vifo: Namna ya Kusoma Tofauti za Kimaeneo na Mielekeo ya Vifo vya Saratani ya Kongosho Nchini Rwanda na Afrika Mashariki

Ikisiri

Saratani ya kongosho huua sehemu kubwa ya wanaougua, na huua upesi. Kwa sababu hiyo, takwimu zake za vifo zingetarajiwa kuakisi moja kwa moja ukubwa wa ugonjwa wenyewe. Makala haya yanaonesha kwamba katika mazingira ya Afrika Mashariki matarajio hayo hayatimii. Kati ya mgonjwa na jedwali la takwimu kuna safari ndefu ya jina: kutoka maelezo ya dalili, kupitia utambuzi wa daktari au kumbukumbu za wafiwa, hadi msimbo wa kimataifa. Katika kila kituo cha safari hiyo jina *kongosho* laweza kupotea. Makala yanaeleza namna viwango vya vifo hupatikana, mahali jina linapopotea, na athari ya upotevu huo katika kulinganisha wilaya na wilaya au mwaka na mwaka. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa washauri wa sera na wataalamu wa istilahi.

1. Utangulizi

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 duniani kulikuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya kongosho wapatao 511,000 na vifo vipatavyo 467,000. Ugonjwa huu ulishika nafasi ya sita miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi, ingawa kwa idadi ya wagonjwa wapya hauko hata katika kumi za kwanza. Uwiano wa tarakimu hizo mbili unasema mengi: kwa kila wagonjwa wapya kumi kuna vifo zaidi ya tisa. Hata nchini Marekani, penye vipimo na upasuaji wa hali ya juu, wanaoishi miaka mitano baada ya kugundulika ni takribani asilimia 13 tu.

Makadirio hayohayo yanaonesha tofauti kubwa za kimaeneo. Viwango katika nchi zenye maendeleo makubwa ya kibinadamu ni mara nne hadi tano ya vile vya nchi zenye maendeleo madogo. Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini zimo juu kabisa. Afrika Mashariki imo chini. Tofauti hii yaweza kusomwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wetu huugua kidogo, kwa kuwa wengi ni vijana, na uvutaji wa sigara, unene wa kupindukia na kisukari, ambavyo ni visababishi vinavyojulikana, havijaenea kwa kiasi kilekile. Ya pili ni kwamba watu wetu huugua na kufa, lakini vifo vyao huandikwa kwa majina mengine. Usomaji wote una ukweli ndani yake. Swali linalomkabili mshauri wa sera ni kiasi gani cha tofauti hiyo ni cha ugonjwa, na kiasi gani ni cha uandishi.

Makala haya yanadai kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa na wataalamu wa takwimu peke yao. Sehemu yake ni swali la lugha.

2. Kiwango cha vifo hupatikanaje?

Kiwango ghafi cha vifo ni idadi ya waliokufa kwa ugonjwa fulani katika mwaka, ikigawanywa kwa idadi ya watu wa eneo hilo, kisha ikazidishwa kwa 100,000. Hesabu ni nyepesi, ila ina mtego. Saratani ya kongosho ni ugonjwa wa umri mkubwa. Wengi wa wagonjwa wamepita miaka 60. Nchi yenye vijana wengi itakuwa na kiwango ghafi cha chini hata kama wazee wake wanaugua sawa na wazee wa kwingineko. Kwa hiyo watafiti hutumia kiwango kilichosawazishwa kwa umri: viwango vya kila rika hupimwa kwa mizani ya idadi moja ya watu ya mfano, ili Burera iweze kulinganishwa na Nyarugenge, na Rwanda na Ufaransa.

Usawazishaji huu huondoa tatizo la umri, lakini hauondoi tatizo la jina. Kama kifo cha mzee wa miaka 70 kiliandikwa kuwa ni cha ini, hakuna mizani ya umri itakayokirudisha kwenye kongosho. Kiasi kinachogawanywa ni idadi ya vifo vilivyopata kuitwa kwa jina hilo, na jina hutolewa na watu.

3. Safari ya jina

*3.1 Kinywani mwa mgonjwa*

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, kando ya ini, nyongo na utumbo mwembamba. Uvimbe wake hautambuliki kwa kupapasa katika hatua za mwanzo. Dalili zake huazimwa kutoka kwa majirani: maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kukonda, kukosa hamu ya kula, macho na ngozi kugeuka manjano pale mrija wa nyongo unapobanwa, na mara nyingine kisukari kinachoanza ghafla ukubwani.

Kila moja ya dalili hizo ina jina lililozoeleka, na hakuna linalotaja kongosho. Maumivu ya juu ya tumbo huitwa *vidonda vya tumbo* kwa Kiswahili cha kila siku. Kwa Kinyarwanda huelekezwa kwenye *igifu*, yaani mfuko wa chakula. Macho ya manjano huelekezwa kwenye *umwijima*, neno la Kinyarwanda linalotaja ini na ambalo katika mazungumzo hutumika pia kwa ugonjwa wa homa ya ini. Kisukari huitwa kisukari, na uchunguzi huishia hapo. Kukonda kusikoelezeka huweza hata kufasiriwa kuwa ni *uburozi*, yaani sumu iliyotiliwa mtu kwa husuda, na fasiri hiyo humpeleka mgonjwa mbali na hospitali kabla ya kumleta karibu.

Kiswahili nacho kina utata wake kuhusu rangi ya manjano. *Homa ya manjano* ni jina la ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, lakini watu wengi hulitumia kwa hali yoyote ya mtu kugeuka manjano. *Safura*, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na umanjano na nyongo, katika Kiswahili limehamia kwenye upungufu wa damu unaoletwa na minyoo. Hivyo mtu anayesema jamaa yake "alikufa kwa manjano" anaweza kuwa anaeleza homa ya ini, malaria kali, mawe ya nyongo au uvimbe wa kichwa cha kongosho.

Neno *kongosho* lenyewe ni sanifu na limo katika kamusi, lakini wengi wa wazungumzaji hawalitumii. Mtu anayechinja mbuzi hutaja ini, figo, bandama, moyo na utumbo bila kusita; kongosho hulipita. Kinyarwanda kina neno *impindura*, ambalo vilevile huonekana zaidi katika maandishi ya elimu ya afya kuliko katika mazungumzo ya nyumbani. Kiungo kisichotajwa wakati wa uhai ni vigumu kutajwa kuwa chanzo cha kifo.

*3.2 Kwenye cheti*

Kifo kikitokea hospitalini, daktari hujaza cheti cha sababu ya kifo kwa muundo wa kimataifa. Mistari yake hushuka kutoka hali iliyomuua mtu moja kwa moja hadi sababu ya msingi, yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfululizo wote. Takwimu za kimataifa huhesabu sababu hiyo ya msingi. Kosa linalojulikana katika nchi nyingi, tajiri na maskini, ni kuandika namna ya kufa badala ya sababu yake: "moyo kusimama", "kushindwa kupumua", "ini kushindwa kufanya kazi". Maelezo hayo ni ya kweli, maana kila anayekufa moyo wake husimama, lakini hayamsaidii anayetaka kujua ugonjwa ulikuwa upi.

Hata daktari mwangalifu anakabiliwa na ukomo wa vipimo. Uthibitisho wa saratani ya kongosho huhitaji picha za CT na, mara nyingi, kuchukua kinyama kutoka mahali pagumu kufikiwa. Pasipo vifaa hivyo, daktari mwaminifu huandika "saratani ya tumbo, mahali pa asili hapajulikani". Katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, saratani ya kongosho ina msimbo C25; saratani ya viungo vya mmeng'enyo visivyobainishwa vyema ina C26; ile isiyojulikana ilikoanzia ina C80. Uaminifu wa daktari huyo unaihamisha maiti kutoka C25 hadi C26 au C80. Misimbo ya aina hii makala haya yanaiita *misimbo pofu*: inahesabu kifo bila kuona chanzo chake.

*3.3 Katika mahojiano ya wafiwa*

Vifo vinavyotokea nyumbani hutafutiwa chanzo kwa mahojiano. Mhojaji hukaa na ndugu wa marehemu, huuliza orodha ya maswali kuhusu dalili, kisha daktari au programu ya kompyuta hukadiria sababu. Kwa Kiswahili njia hii ina historia ndefu: nchini Tanzania, mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima uliitumia tangu 1992 katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Rwanda nayo imeiingiza katika mfumo wake wa usajili wa vifo vya jumuiya.

Njia hii imefunua mengi kuhusu malaria, UKIMWI, kifua kikuu na vifo vya uzazi. Kwa kongosho ina mpaka ambao mshauri wa sera hana budi kuujua. Katika orodha ya sababu ya zana ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, saratani hugawanywa katika makundi mapana: ya kinywa, ya viungo vya mmeng'enyo, ya njia ya hewa, ya matiti, ya viungo vya uzazi na nyinginezo. Kongosho, ini, umio, mfuko wa chakula na utumbo mpana yote huingia katika kundi moja la mmeng'enyo. Maana yake ni kwamba hata mahojiano yakifanywa kwa ustadi kamili, hayawezi kutoa kiwango cha vifo vya saratani ya kongosho. Wilaya ambayo vifo vyake vingi hutokea nyumbani itaonekana kuwa na vifo vichache vya kongosho kwa sababu tu ya chombo kilichotumika kupima.

4. Tofauti za kimaeneo: ramani inaonesha nini?

Tukiyachukua haya hadi kwenye ramani, mambo matatu yanajitokeza.

La kwanza ni mahali pa huduma. Kituo cha Saratani cha Butaro, katika Wilaya ya Burera, Mkoa wa Kaskazini, kilifunguliwa Julai 2012 na hupokea wagonjwa kutoka nchi nzima na hata nchi jirani. Kigali ina hospitali kuu za rufaa na tiba ya mionzi. Kifo kikihesabiwa mahali kilipotokea badala ya mahali marehemu alipoishi, Burera na Kigali zitaonekana kuwa vitovu vya saratani, na wilaya zilizowatuma wagonjwa zitaonekana salama. Hata makazi yakiandikwa sawasawa, wakazi wa karibu na vipimo watapata jina la ugonjwa wao mara nyingi zaidi kuliko wakazi wa mbali.

La pili ni udogo wa idadi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 13,246,394 nchini Rwanda, katika wilaya 30. Wastani ni kama watu 441,500 kwa wilaya. Tuchukulie, kwa mfano tu, kiwango ghafi cha vifo 2 kwa kila watu 100,000. Wilaya ya wastani ingekuwa na vifo karibu 9 kwa mwaka. Kwa kanuni za bahati nasibu, idadi hiyo yaweza kuwa 4 mwaka mmoja na 14 mwaka unaofuata bila hali yoyote ya afya kubadilika. Anayepanga wilaya 30 kwa takwimu za mwaka mmoja na kutangaza "ya kwanza" na "ya mwisho" atakuwa anapanga bahati. Kwa mkoa wa wastani kwa miaka mitano, idadi ingefika karibu 265, na yumbo la bahati lingepungua hadi takribani asilimia 12 juu au chini. Hapo ndipo ulinganisho huanza kuwa na maana.

La tatu ni ubora wa rejesta. Rejesta ya Saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, ni miongoni mwa kongwe zaidi barani. Eldoret ilianza 1999 na Nairobi 2001. Rwanda ilikuwa na rejesta ya Butare iliyoanza 1991, nayo ikakatizwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Mkatiko huo unamaanisha kwamba mtafiti wa leo hana mstari mmoja usiokatika wa kulinganisha miaka ya 1990 na sasa. Aidha, kipimo kimoja cha ubora kinahitaji kusomwa kwa makini: asilimia ya wagonjwa waliothibitishwa kwa kinyama. Kwa saratani nyingi asilimia kubwa ni sifa. Kwa kongosho, asilimia iliyo karibu na mia ni onyo, kwani huashiria kwamba rejesta inakusanya wagonjwa kutoka maabara za patholojia pekee na kuwaacha wengi ambao kinyama chao hakikuchukuliwa kamwe.

Ulinganisho na Marekani unasaidia. Mwaka 2017 jarida la kitabibu JAMA lilichapisha uchambuzi wa vifo vya saratani kwa kila kaunti kuanzia 1980 hadi 2014, kutokana na kumbukumbu za vifo zaidi ya milioni 19. Watafiti wale, pamoja na utajiri wote huo wa data, walilazimika kwanza kuigawa upya misimbo pofu, kisha kutumia mbinu maalumu za maeneo madogo ili kaunti zenye watu wachache zisipotoshe picha. Ikiwa Marekani, yenye cheti kwa takribani kila kifo, ililazimika kufanya hivyo, sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kutangulia na ubora wa jina kabla ya rangi za ramani.

5. Mielekeo: mstari unaopanda una maana gani?

Katika Umoja wa Ulaya, viwango vya vifo vya saratani kwa jumla vimeshuka tangu mwisho wa miaka ya 1980. Vya kongosho havikufuata mkondo huo. Kwa hiyo si jambo la ajabu kutarajia ongezeko hata kwetu, kadiri watu wanavyoishi muda mrefu zaidi na kisukari kinavyoenea mijini. Lakini mstari unaopanda katika majedwali ya Afrika Mashariki waweza kutokana na angalau mambo manne tofauti: ugonjwa kuongezeka kweli, idadi ya wazee kukua, vipimo kuongezeka, hivyo vifo vilivyokuwa C80 kuhamia C25, na usajili wa vifo kupanuka. Nchini Rwanda mageuzi ya usajili ya mwaka 2020 yaliuingiza usajili wa vifo katika vituo vya afya. Ufunguzi wa IRCAD Africa mjini Kigali, Oktoba 2023, uliongeza uwezo wa mafunzo ya upasuaji wenye majeraha madogo. Maendeleo ya namna hii, yakifanikiwa, yataongeza idadi ya vifo vinavyoitwa vya kongosho. Kiongozi asiyejua hilo anaweza kuyahukumu mafanikio kuwa ni maafa.

Kuna jambo la tano lililo fiche zaidi. Kwa nchi zisizo na takwimu kamili za vifo, majedwali ya kimataifa hujazwa kwa makadirio: idadi ya wagonjwa hukadiriwa kutoka rejesta zilizopo au za nchi jirani, na vifo hukokotolewa kutokana na matarajio ya kuishi baada ya kuugua. Makadirio hayo ni halali na yana manufaa. Hata hivyo, anayenukuu "mwelekeo wa vifo nchini Rwanda" kutoka majedwali hayo ajue kwamba kwa sehemu kubwa ananukuu mwelekeo wa kielelezo cha hisabati.

6. Mapendekezo

Kwanza, istilahi. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na ni lugha ya mawasiliano ya wahudumu wa afya na wagonjwa wengi wanaovuka mipaka, wakiwamo wa mashariki mwa Kongo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuratibu orodha fupi ya majina ya viungo na dalili katika Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na lugha nyingine za eneo, kila jina likiambatanishwa na maelezo ya mahali kilipo kiungo. *Kongosho* na *impindura* yafundishwe pamoja na picha, katika vituo vya afya na shuleni.

Pili, maswali ya mahojiano. Mhojaji aulize dalili, si jina: "Je, sehemu nyeupe ya macho iligeuka manjano?" badala ya "Je, aliugua manjano?" Majibu kuhusu maumivu yanayopenya mgongoni na kisukari kilichoanza karibuni yahifadhiwe kama yalivyosemwa, hata pale programu inapoyaweka katika kundi pana, ili yaweze kuchambuliwa baadaye.

Tatu, mafunzo ya kujaza cheti. Daktari afunzwe kutofautisha namna ya kufa na sababu ya msingi, na apewe ruhusa ya kuandika "inayodhaniwa kuwa ya kongosho" pale picha na dalili zinapoelekeza huko.

Nne, uchapishaji. Kila kiwango cha vifo vya kongosho kitolewacho kwa watunga sera kiambatane na tarakimu tatu: asilimia ya vifo vya eneo hilo vilivyopata sababu iliyothibitishwa na daktari, asilimia ya vifo vya saratani vilivyoangukia misimbo pofu, na idadi halisi ya vifo vilivyohesabiwa. Ulinganisho ufanywe kwa mkoa na kwa miaka mitano, si kwa wilaya na kwa mwaka.

Tano, huduma zisingoje takwimu kamilifu. Dawa za maumivu, kuzibuliwa mrija wa nyongo na matunzo ya nyumbani humfaa mgonjwa hata pale jina la ugonjwa wake halijathibitishwa. Wilaya yenye tarakimu ndogo isinyimwe morfini kwa sababu ya tarakimu hiyo.

7. Hitimisho

Tofauti za kimaeneo na mielekeo ya vifo vya saratani ya kongosho katika Afrika Mashariki ni halisi kwa sehemu, na kwa sehemu ni kivuli cha namna tunavyovitaja na kuviandika vifo. Sehemu hizo mbili haziwezi kutenganishwa kwa hesabu peke yake, kwa kuwa kosa hutokea kabla hesabu haijaanza: pale mgonjwa anapokosa neno, mhojaji anapouliza neno lenye maana tatu, au daktari anapofunga cheti kwa maneno yanayomfaa kila marehemu. Fedha za afya hufuata tarakimu, na tarakimu hufuata majina. Kwa hiyo kazi ya istilahi, inayodhaniwa mara nyingi kuwa shughuli ya kamusi tu, ni sehemu ya mfumo wa afya, na bajeti yake inastahili kujadiliwa katika meza hiyohiyo inayojadili vipimo na dawa.